Sifa za Nduthi Isiyowaka

Nduthi, yaani pikipiki, inayowaka kwa kiki ya kwanza ni chombo cha usafiri, basi. Unaipanda, unafika, unaiegesha, na hakuna anayekuuliza habari zake. Lakini ile iliyosimama mbele ya nyumba ya mabati kule Kibera, mtaa wa Makina au Lindi, tangi limeng'olewa, kabureta imelowekwa petroli ndani ya mkebe wa Kimbo, na mwenyewe amechuchumaa kando, spana ya kumi kaishika kwa meno, hiyo ni taasisi. Wenye ploti wameisema, wake wameisema, na mhubiri mmoja nimemsikia akiitolea mfano wa anasa za dunia hii. Leo wakili wake ni mimi.

Tuelewane kwanza. Sizungumzii Boxer ya mkopo. Boxer ya mkopo ina haraka: kila jioni kuna pesa za kutuma, na zisipotumwa watu wanakuja kuichukua. Kitu cha namna hiyo hakina nafasi ya kuharibika kwa utulivu. Ninayoisifu ni ya zamani, iliyokwisha kumtumikia bwana shamba, au muuguzi wa zahanati, au katekista, ikapigwa mnada, ikapita mikono mingi hadi logbuku ikapotelea njiani, ndipo ikaishia Kibera. Yaweza kuwa Yamaha AG100 au Suzuki A100, zile zinazochoma oili pamoja na petroli na kutoa moshi wa kufukuza mbu ploti nzima. Ukiwa na bahati, ni Honda CG125.

Hii CG ina historia ya kuchekesha. Ilitoka mwaka 1976, baada ya wahandisi wa Japan kujionea jinsi watu wa nchi nyingine wanavyozitumia pikipiki zao: oili haibadilishwi, cheni haipakwi grisi, na mzigo hauna kipimo. Wakaachana na ile cheni ndogo ya kuendesha valvu kutoka juu ya injini, kwa sababu haivumilii oili chafu, wakaweka fito za chuma za kuzisukuma kutoka chini. Cheni ya nyuma wakaifunika yote isile matope. Yaani waliiunda makusudi kwa ajili ya mtu asiyejali. Jambo ambalo halikuwajia akilini ni kwamba siku moja ingempata mtu anayejali kupita kiasi, anayeifungua kila Jumamosi kuangalia kama bado ni nzima. Injini iliyoshinda vumbi la Pakistani na matope ya Kakamega haikuandaliwa kwa upendo wa aina hiyo.

Na wanaowacheka watu hawa wajue wanamcheka nani. Mwaka 1946, Japan ikiwa magofu ya vita, Soichiro Honda alichukua vijiinjini vya jenereta vilivyoachwa na jeshi akavifunga kwenye baiskeli. Kwa tangi la kwanza alitumia chupa ya kuwekea maji ya moto ya kupasha kitanda. Kampuni iliyokuja kuuza pikipiki nyingi kuliko kampuni nyingine yoyote duniani ilianzia hapo. Basi yule jirani aliyetundika kibuyu cha plastiki juu ya msumari, akateremsha mpira wa dripu hadi kwenye kabureta ili aone kama shida ni tangi, hajapotoka. Anafuata mafundisho ya mwasisi.

Sasa zihesabuni faida za nduthi hii. Septemba 2023 petroli Nairobi ilivuka shilingi 211 kwa lita, madereva wakalia, na nduthi isiyowaka haikutikisika. Haijamlaza mtu katika wadi za mifupa za Hospitali ya Kenyatta; walioko huko waliletwa na zile zinazowaka vizuri. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, zimejaa kila steji, vijana wamepata kazi na wengine wamevunjika miguu, lakini hii yetu haina lawama kwa lolote kati ya hayo mawili. Polisi hawaikamati. Mwizi akija usiku anaichunguza, anaisukuma hatua mbili, anaielewa, anaiacha. Nani mwingine mtaani ana mali isiyohitaji kufuli?

Lakini faida kubwa ni watu. Toa plagi nje ya hedi, na kabla hujaifuta utakuwa na kikao. Atakuja kijana wa steji, kofia bado kichwani, aseme ni kabureta. Kwake yeye kila kitu ni kabureta, hata homa. Atakuja mzee aliyewahi kufanya kazi karakana ya reli, asiguse kitu, aseme tu, "Taiming," kisha akae kimya kama daktari aliyekwisha kuandika dawa. Mama wa omena atapita na beseni lake: "Baba, hiyo kitu ikiwaka uniite nipige vigelegele." Na mtoto anayeshika tochi, ambaye ndiye pekee aliyeona kila bolti ilikotoka, haulizwi.

Hapo ndipo ibada inapoanza. Plagi inachomekwa kwenye waya wake, inalazwa juu ya hedi, mtu anapiga kiki, wote wanainama kutafuta cheche. Ikitoka ya buluu na kulia tak, watu wanashusha pumzi: umeme upo, tatizo ni chakula. Ikitoka ya njano, dhaifu, mabishano yanahamia kwenye koili, kondensa na pointi, na mtu mmoja lazima aende kutafuta kipande cha msasa. Plagi ikitoka imelowa, wanasema imekunywa. Ikitoka nyeusi kama sufuria ya makaa, imekula kupita kiasi. Mwanya wa ncha yake unapimwa kwa kipande cha wembe, maana kipimo chenyewe kiliazimwa na aliyekiazima amehamia Kawangware. Nimekaa katika vikao vya wananchi vilivyoitishwa kwa barua yenye muhuri, vikapewa soda, na sijaona mahali watu wanakosoana kwa uhuru na kwa ushahidi kama pale. Ukisema uongo kuhusu cheche, cheche yenyewe inakukana papo hapo.

Kuna pia elimu ya safari. Bolti ikikatika, mwenyewe anaitia mfukoni kama sampuli na kuondoka asubuhi, kwanza Toi Market, halafu mjini Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanakuita Grogan, na akikosa huko, Kariobangi. Kila muuzaji anaigeuza ile bolti mkononi, anatikisa kichwa kwa huruma na kusema alikuwa nayo jana. Anarudi jioni bila bolti lakini na kioo cha pembeni ambacho hakikuwa kwenye hesabu, bei ilikuwa nzuri. Kwa mwendo huo, koili ya Boxer inaingia kwenye Honda, kabureta ya Kichina inafuata, gasketi inakatwa kwenye katoni ya sabuni, na baada ya miaka kilichobaki cha Honda ni jina kwenye tangi. Nalo tangi ni la TVS.

Wenye kudai kwamba huu ni upotezaji wa wakati wakumbuke upotezaji wa ngazi za juu. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaomba wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Walifanya kazi kwelikweli, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer ilionyeshwa kwa taifa. Yaliundwa matano ya majaribio, na yaliweza kufika kilomita 120 kwa saa. Kisha pesa zikakosekana na mradi ukafa. Linganisha na baba wa Lindi. Yeye hakuanza na pesa, kwa hiyo hakuna kilichoweza kumkatikia.

Hapa sifa zangu zinakohoa kidogo. Nyumba ni futi kumi kwa kumi. Injini ikilala chini ya kitanda, watoto wanalala na harufu yake, na petroli ndani ya mkebe haipatani na jiko lililo mkono mmoja tu kutoka hapo. Kibera imeungua mara nyingi, nyumba zimebanana, na vichochoro vingi gari la zimamoto haliwezi kuvipita. Kwa hiyo yule mke aliyesimama mlangoni akasema, "Ama hiyo injini, ama mimi, na wote wawili hatulali ndani," anastahili nishani. Ni yeye aliyeitoa nduthi nje, na bila yeye kikao nilichokisifu kingekuwa cha mtu mmoja na sufuria.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu mwenye shida za kweli ajitafutie nyingine ya kuchezea. Mimi naona swali limekaa upande. Shida za kweli za Kibera hazina mahali pa kuingiza spana. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali. Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles na kuishi hapo tangu mwanzo wa karne iliyopita, walingoja hati hadi 2017, wakapewa ekari 288. Julai 2018 matingatinga yalipita kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, maelfu ya watu wakabaki bila nyumba, na shule zikaenda pamoja nazo. Mambo hayo yanaamuliwa kwenye ofisi zenye kiyoyozi, na mwenye nyumba anayasikia kwa kipaza sauti au kwa alama ya rangi nyekundu ukutani. Nduthi isiyowaka haina siri ya namna hiyo. Kosa lake liko mahali fulani kati ya tangi na silensa, halina mjomba serikalini, na likipatikana litakuwa limepatikana na yeye. Ni tatizo lake kabisa. Mtaani kwetu mali kama hiyo ni nadra kuliko nduthi nzima.

Siku hizi nduthi za umeme nazo zimeingia Nairobi. Zinapita kimya, betri ikiisha wanachomoa na kuchomeka nyingine kituoni, na dereva hachafuki hata ukucha. Ni nzuri, hazina moshi, na mtoto aliyeshika tochi hana pa kuimulika. Sizipingi. Nasema tu kwamba haziwezi kuitisha kikao.

Kwa anayetaka kuanza: usinunue inayowaka. Nenda Kawangware, pita Gatina taratibu, tafuta iliyoegemea ukuta, majani yamepenya kwenye spoki na kuku amejipatia kiti. Muulize mwenyewe ina shida gani. Akianza kukutajia pistoni, ringi na giaboksi, huyo ni mkweli na atakuharibia starehe. Mshukuru uende zako. Lakini akisema, "Haina shida, brathe, ni plagi tu," toa pesa. Tafuta kijana akusaidie kuisukuma hadi Kibera. Kupanda mtachoka tu. Ni kwenye mteremko ndipo utakapokumbuka kwamba hukuuliza habari za breki.