Barua ya Wazi kwa Sauti Iliyomo Ndani ya Simu Yangu

Kwako Sauti ya Ramani,
Popote ulipo (maana wewe siku zote unajua nilipo).

YAH: SAA MOJA NA DAKIKA KUMI NA MBILI KUTOKA NEWALA HADI MASASI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Newala, mwenye gari dogo lililopita mikono mingi kabla ya kunifikia. Tangu ninunue simu hii nimekuwa chini ya uongozi wako na sijawahi kukuasi. Ukisema kata kushoto, nakata. Ukisema geuza, nageuza, hata mbele ya trafiki. Kwa utii huo naomba ufafanuzi kuhusu safari ya mwishoni mwa Novemba, uliponitangazia kwa Kiingereza cha puani, jina la mji wangu likiwa limevunjika mguu, kwamba Masasi ni saa moja na dakika kumi na mbili.

Kilomita sina ugomvi nazo. Ni kama 70, na zilikuwapo kabla yetu sote. Lakini kwenye ramani yako Newala na Masasi zimelala sawasawa kama maandazi mawili kwenye sahani, wakati Newala imekaa ukingoni mwa uwanda, juu, na Masasi iko kule chini kwenye vilima vyake vya mawe. Siku ukipata nafasi, njoo usimame Shimo la Mungu, hapa hapa kwetu, utazame ardhi inavyozama kuelekea Ruvuma na ng'ambo ya pili Msumbiji. Hata maji yetu ya bomba hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni Mitema. Maji, Bibi Sauti, kitu ambacho Mungu alikiumba kiteremke tu, kufika Newala yanataka mashine. Wewe mlima huo umeuwekea dakika kumi na mbili.

Tena kuna suala la udongo, ambalo nadhani hukufundishwa. Juu huku ni kichanga. Kiangazi kikikolea gari linaogelea. Mvua ikidondoka kidogo mchanga unashikana na dereva anapiga mluzi. Ikinyesha sawasawa, mteremko mwekundu unageuka sabuni, na fuso la korosho likilalia ubavu mbele yako, hiyo saa moja uliyonipa unaikalia juu ya jiwe ukila karanga. Ndiyo maana mtu wa huku ukimuuliza njia ipi nzuri, hakujibu kabla hajakuuliza unakwenda lini na umebeba nini. Wewe hujawahi kuniuliza hata moja. Siku ile nilikuwa na shangazi yangu mwenye mgongo na madebe mawili ya unga.

Sasa tufike kwenye tukio lenyewe. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi inawekwa lami, jambo tulilolisikia kwenye majukwaa ya kampeni mpaka tukajua kutamka "upembuzi yakinifu" kabla ya kujua maana yake. Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, ndiyo iliyotangulia. Zilizobaki 160 zikagawanywa: Mnivata hadi Mitesa kilomita 100, Mitesa hadi Masasi 60, pamoja na Daraja la Mwiti. Palipo na ujenzi pana mchepuko, na mkandarasi ameweka kibao kinachoonekana hata na shangazi. Nikaufuata. Wewe ukapandwa na wazimu. Ukakokotoa upya, ukakokotoa tena, kisha ukanigundulia njia yako mwenyewe: kata kushoto, mita mia mbili.

Nchi hii tuliwahi kubandikiwa mabango ya kutuonya kwamba michepuko siyo dili, tubaki njia kuu. Walikuwa wakisema mambo ya ndoa, najua. Lakini mimi siku ile niliuacha mchepuko halali wa serikali nikaingia mchepuko wako, na nimelipata la kunipata.

Njia ikawa ya baiskeli, ikawa ya miguu, ikawa ya mbuzi. Jua linazama. Tukatokea chini ya mkorosho mkubwa, bibi mmoja ameketi na kikapu anaokota korosho. Nikazima gari, na wewe, katika ukimya ule, ukatamka kwamba tumefika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kununua?"

Unajua maana ya swali hilo, Sauti? Huku korosho huuzwa kupitia chama cha msingi, kwa stakabadhi ghalani, kwenye mnada. Anayekuja machweo kwa njia ya nyuma, na gari, hadi chini ya mti, anaitwa mtu wa kangomba, na kangomba ni kosa. Dakika kumi baadaye nilikuwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji nikijieleza. Nikasema nimeelekezwa na simu. Akaniomba simu itoe ushahidi. Wewe, uliyekuwa hunyamazi tangu Newala, ukasema huna mtandao. Aliyetuokoa ni shangazi, aliyetaja ukoo wake mpaka akafika kwa mjomba wa yule bibi, tukapewa na togwa, na kijana wa kututoa hadi barabarani. Kijana hakuwa na simu. Alikaa mbele, akanyoosha mkono tu.

Tulifika Masasi saa tano usiku.

Nilipomsimulia mjomba wangu, alicheka hadi akakohoa, kisha akanipa hesabu yake. Mtwara hadi Masasi kwa njia ya chini, kupitia Mingoyo, Mtama na Ndanda, ni kilomita 200. Kwa njia ya juu, kupitia Tandahimba na Newala, ni 210. Kwako wewe tofauti ni kilomita kumi, ukishaona hivyo umemaliza kazi. Kwa mjomba, njia ya chini ni lami, vibao vya 50 kila kijiji na trafiki mwenye tochi nyuma ya mwembe. Njia ya juu ina watu wake. Anasema miaka ya mvua kubwa alikuwa akitoka Newala kwenda Mtwara kwa kuteremka kwanza Masasi, yaani anaipa Mtwara kisogo, halafu anazunguka uwanda mzima kwa chini. Mara mbili ya umbali, na alikuwa anawakuta waliopita juu bado wako njiani, wanasukuma. Jaribu kumweleza hilo mkokotoaji wako.

Jambo moja limenishangaza zaidi. Ukikosea husemi samahani. Hutaji nani alikosea. Unatangaza tu kwamba unakokotoa upya, kwa sauti ile ile iliyoshiba, na dakika zinaongezwa kimyakimya kwenye muda wa kufika. Nikajiuliza mtindo huo nimeuona wapi, kisha nikakumbuka vikao vyote vya maendeleo nilivyowahi kuhudhuria.

Naomba basi yafuatayo: dakika zangu zilizopotea, unga wa shangazi ulioharibika njiani, na kwamba mwakani msimu ukianza uje mwenyewe, kwa kosta, kiti cha nyuma kabisa.

Wako mtiifu (kwa sasa),
Mkazi wa Newala

Nakala: Mwenyekiti wa Kitongoji, kwa ushahidi.
Bibi wa chini ya mkorosho, kwa taarifa: asubuhi hii simu imenionyesha njia mpya inayookoa dakika nne, na inapita kwako.