Jinsi ya Kupamba Sebule kwa Chakula cha Mbuzi

Kwanza, toa pamba kwenye mti. Ile pamba ya duka la dawa, inayotandazwa juu ya matawi ionekane theluji, haina kazi huku Nangara, Babati. Desemba huku ni msimu wa tope na majembe, na Mlima Kwaraa hushinda umejifunika mawingu. Theluji ya karibu iko kileleni Kilimanjaro. Iache huko, maana nayo inazidi kupungua. Krismasi ya Babati ina vitu vyake, na vingi vimelala stoo tangu mavuno.

Anza na maganda ya mahindi. Hayauzwi, yanaombwa, tena kwa adabu.

“Shikamoo bibi, naomba maganda.”

“Marahaba. Kwani umenunua ng’ombe?”

Mwambie ukweli kwamba ni ya kupamba sebule, kisha subiri amalize kucheka. Usiondoke mapema: akimaliza, mwombe na kamba ya katani.

Chagua maganda ya ndani, yale laini na meupe. Yenye kuvu achana nayo. Yaloweke kwenye maji ya vuguvugu mpaka yakunjike bila kupasuka. Ukitaka manjano, chemsha binzari ya unga, uyatumbukize humo mpaka yakolee. Kata vipande vyenye ncha, vipange kuzunguka kijiti kama petali, kaza kwa uzi wa katani, uning’inize ua lako kivulini likauke. Jua kali hulikunja vibaya. Nyekundu usihangaike kuitafuta: mkrismasi unachanua wenyewe mwezi huu, na tawi moja kwenye mtungi linatosha. Liombe kwa mwenye mti.

Magunzi yasitupwe, ndiyo wachungaji wa pangoni. Gunzi moja, kipande cha shuka kuukuu begani, fimbo ya kijiti mkononi, na umepata mchungaji ambaye mfugaji wa Hanang atamsalimia. Nampenda huyu kuliko wale wa plasta wenye mashavu ya waridi, kwa sababu mtoto wa miaka mitano anaweza kumtengeneza peke yake.

Shada la mlangoni linataka mtambaazi mbichi unaopindika. Fito kavu za mbaazi zitakukatikia mikononi. Pachika humo vichwa vya alizeti vilivyokwisha kupukuchuliwa. Kibuyu cha maziwa cha mama mkwe si pambo, usikiguse. Na ukitamani mafunjo ya Ziwa Babati, waombe wavuvi wakuletee. Usiende mwenyewe magharibi: ndiyo saa ya viboko kutoka majini kwenda malishoni, na hawapishani na mtu.

Mshumaa na maganda makavu visikae chumba kimoja.

Gundi, rangi ya kupuliza na unga wa kumetameta ni marufuku kabisa. Nchi ilikataza mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019; hakuna sababu ya plastiki kurudi kila Desemba ikiwa imejipamba.

Tena kazi hii ina mkaguzi. Mwaka Mpya ukishapita, shusha mapambo, fungua nyuzi zote, utenge maganda yote, uliyoyatia binzari na yasiyotiwa, umpelekee mbuzi. Akiyamaliza, umefaulu. Akinusa akaondoka, rudi ndani utafute ni nani aliyetumia gundi.