Barua kutoka San Antonio: Ashikaye Mkia Hupewa Mrefu

San Antonio, Julai 2025

Wazee wa Mudzi-Pela, mtaa wa Bunia mkoani Ituri, Kongo, wamesikia mengi katika maisha yao, lakini hili la kwamba timu iliyoshika mkia hupewa kijana bora wa mwaka unaofuata wamelikataa katakata. Mtoto wao aliyehamia Texas amewaeleza kwa sauti za WhatsApp, amechora, ametuma hadi picha za jedwali. Jibu lililorudi kutoka Bunia lilikuwa fupi: "Mutoto, huko wamekudanganya." Kwao ashikaye mkia hushuka daraja, na kocha hutafutiwa pikipiki ya kumrudisha alikotoka.

Lakini ndivyo ilivyo. NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, haina kushuka daraja. Timu 14 zilizokosa hatua ya mtoano huingia katika bahati nasibu yenye mipira midogo 14, iliyoandikwa namba 1 hadi 14, ikirushwarushwa na upepo ndani ya mashine. Inatolewa minne. Michanganyiko inayowezekana ni 1,001. Mmoja hutupwa, 1,000 iliyobaki hugawiwa timu. Zile tatu mbovu kuliko zote hupata 140 kila moja, yaani asilimia 14. Kabla ya 2019 timu mbovu kuliko zote ilikuwa na asilimia 25, ikabidi ipunguzwe kwa sababu waungwana walianza kufungwa kwa makusudi. Hapo baba mkubwa mmoja aliuliza mbona sheria hiyo haijafikishwa Ituri, maana sisi tungekuwa na wachezaji bora wa dunia nzima.

Mei 2023 mashine ikawapendelea Spurs wa San Antonio, waliokuwa wameshinda mechi 22 na kufungwa 60. Detroit, walioshinda 17 tu, walisukumwa hadi nafasi ya tano. Tarehe 22 Juni Spurs wakamchukua Victor Wembanyama, Mfaransa wa miaka 19 mwenye urefu wa mita 2.24.

Bunia ikaamka. Félix, baba yake Victor, zamani mwanariadha wa miruko mitatu, asili yake ni Kongo. Kwamba mtoto mwenyewe alizaliwa Le Chesnay, kando ya Paris, na mama yake, Élodie de Fautereau, ni Mfaransa aliyemtangulia katika kikapu, hayo yakapita kama tangazo la redio. Tangu siku hiyo ni "mutoto yetu". Kijana wa Texas akaagizwa afikishe salamu, kana kwamba wanakutana sokoni.

Basi "mutoto yetu" akaja, akacheza vizuri hadi akachaguliwa mchezaji mgeni bora wa mwaka kwa kura zote, na msimu wa 2023–24 Spurs wakamaliza wameshinda 22, wamefungwa 60. Hesabu ileile! Ungedhani katibu alisahau kufuta ubao.

Katikati ya msimu huo walifungwa mechi 18 mfululizo, rekodi mbaya kuliko zote katika historia ya klabu. Ilikuwa pia miezi ambayo kocha Gregg Popovich alimpa Jeremy Sochan, mshambuliaji mrefu, kazi ya kupanga mchezo, na mpira ukawa unafika mbele kama barua ya posta. Mechi ya saa moja jioni huku ni saa tisa usiku Bunia wakati wa baridi ya Marekani. Watu waliamka, wakachoma mega za intaneti, wakamwona mtoto wao anafungwa, kisha wakaenda kazini. Asubuhi swali lilikuwa moja: hawa mashabiki wa huko hawapigi hata kelele?

Kelele walipiga, ila si kwa timu yao. Usiku wa 22 Novemba 2023 walikuwa wanamzomea Kawhi Leonard, aliyelazimisha kuondoka mwaka 2018, akiwa kwenye mstari wa mitupo huru na jezi ya Clippers. Popovich akainuka, akaenda meza ya mtangazaji, akashika maikrofoni mchezo ukiendelea na kuwaomba waache, waoneshe ustaarabu. Wakazomea mara mbili zaidi. Spurs wakafungwa tena. Video hiyo ilizunguka Bunia kuliko ushindi wowote, maana mzee anayekemea uwanja mzima na uwanja mzima usimsikie ni jambo linaloeleweka bila mkalimani.

Sasa, utulivu wa watu wa San Antonio una siri yake, na haihusiani na tabia njema. Wamewahi kula. Mwaka 1987 bahati iliwapa David Robinson, wakamsubiri miaka miwili amalize utumishi wa jeshi la majini. Msimu wa 1996–97 Robinson akaumia, wakashinda mechi 20 tu, bahati ikawapa Tim Duncan. Mwaka 1999 wakachukua ubingwa, na hadi 2014 walikuwa na mataji matano. Anayelipwa mara mbili kwa kungoja hawezi kushindwa kungoja mara ya tatu. Detroit, ambao bahati ya 2023 iliwasukuma nyuma, walipofungwa mechi 28 mfululizo msimu huohuo wa 2023–24 uwanja uliimba kumtaka mwenye timu aiuze.

Na watu wa Bunia, je? Utawala wa kijeshi wa dharura uliwekwa Ituri Mei 2021 kwa siku 30, na tangu hapo unaongezwa siku 15, siku 15. Mtu wa namna hiyo usimhubirie subira kwa msimu mmoja wa kikapu. Atakuuliza tu risiti iko wapi.

Kijana alijaribu. Aliwaeleza maneno ya Jacob Riis ambayo Popovich aliyatundika chumba cha kubadilishia nguo: mpasua mawe hugonga mara mia bila ufa kuonekana, na pigo la mia na moja likipasua jiwe, sifa ni ya yale yote yaliyotangulia. Mjomba aliyewahi kuchimba dhahabu Mongbwalu alisikiliza hadi mwisho. "Na yale mapigo mia moja ya kwanza, nani alimulisha?"

Kilichowalainisha ni hadithi ya Mkongomani Dikembe Mutombo. Denver walimchukua wa nne mwaka 1991 baada ya kushinda 20 na kufungwa 62. Msimu wake wa kwanza, ushindi 24. Wa pili, 36. Wa tatu, 42, wakaingia mtoano wakiwa wa nane na kuwatoa Seattle, walioongoza msimu mzima; haikuwahi kutokea. Mutombo alilala sakafuni ameukumbatia mpira. Kumbukumbu hiyo kila Mkongomani wa rika fulani anayo, hata asiyejua mchezo una wachezaji wangapi.

Kwa hesabu ya Mutombo, basi, msimu wa pili wa Wembanyama ulikuwa haki yao. Haukwenda hivyo. Novemba 2024 Popovich alipatwa na kiharusi, Februari 2025 damu iliganda begani mwa Wembanyama, msimu wake ukaishia hapo. Spurs wakamwita Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, na Bunia ikauliza Kongo ina wachezaji wangapi wa akiba huko. Mwisho: ushindi 34, kufungwa 48. Mei, Popovich akaacha kazi aliyoianza 1996, Mitch Johnson akakabidhiwa.

Mwezi huohuo mipira ikatoka tena. Dallas, waliomuuza Luka Dončić Februari na kuzomewa na mji wao wenyewe, walikuwa na asilimia 1.8 tu, wakapata nafasi ya kwanza. Spurs wakapata ya pili, wakamchukua Dylan Harper. Utah, wabovu kuliko wote, nafasi ya tano, kama Detroit kabla yao. Baba mkubwa alipoelezwa alicheka hadi sauti ikakatika, kisha akatuma nyingine: sasa ameielewa NBA, ni serikali kama nyingine.

Msimu unaanza Oktoba. Kikao cha familia kimeamua kwamba timu ikifungwa mechi tatu mfululizo, mega za kuitazama zitalipwa kutoka Texas, na orodha ya namba za simu imeshatumwa, pamoja na za majirani wawili wasiopenda kikapu.