Goti Lenye Adabu

Ukitaka kuumia katika mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, umia mapema. Kwa kanuni iliyozoeleka ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo hivyo, mchezaji ana misimu minne ndani ya miaka mitano. Ukano wa goti ukikatika anaweza kurudishiwa msimu, ila goti lenyewe liwe na adabu: liharibike nusu ya kwanza ya msimu, na mwenyewe asiwe amecheza zaidi ya asilimia 30 ya mechi.

Timu yenye mechi 31, asilimia 30 yake ni 9.3. Mechi haina desimali, basi hupandishwa ikawa 10. Ukianguka kwenye mechi yako ya kumi, pole, na msimu wako huu hapa. Ukianguka kwenye ya kumi na moja, pole.

Wala usidhani dakika zina maana. Kocha akikuingiza sekunde nne za mwisho, timu ikiongoza kwa pointi 30, ili bibi yako kule jukwaani naye akuone, hiyo ni mechi nzima. Mpira hukuugusa hata kwa ukucha, umecheza.

Kisha daktari aandike, tena wakati uleule, kwamba msimu umekwisha kweli. Kuchechemea hakutoshi. Maumivu yasiyo na karatasi ni umbea tu.

Na goti la Februari? Hata likikatika vipande viwili mbele ya kamera, limefika dirishani karani ameshafunga.