Kanzu ya Baba Mkwe na Rangi ya Mafuta

Baba mkwe wangu amerudi kwake Tandika akiwa ndani ya kanzu ya mume wangu, iliyomkaba makwapa na kuishia juu ya vifundo vya miguu. Ya kwake imebaki kwangu, kwenye beseni. Ina mistari ya kijani mgongoni, imenyooka utadhani imepigwa kwa rula, na haikutoka kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kwa dawa ya madoa wala kwa dua. Wifi yangu aliipiga picha kabla sijaiwahi. Picha imeshafika kwenye kundi la familia, na shangazi yao aliyeko Muscat, ambaye kwa kawaida hajibu kitu mpaka afiwe mtu, amejibu kwa vikaragosi vya kucheka mstari mzima, bila hata salamu.

Mistari hiyo ni ya kiti, na viti vyenyewe nilivinunua mnadani. Ofisi moja ilikuwa inaondoa vitu vyake chakavu, na watu wote pale walikuwa wanagombea majokofu. Nikakipindua kiti kimoja, nikakwangua kidogo kwa ukucha wa dole gumba, na chini ya uchafu ikatokea rangi ya dhahabu inayoelekea hudhurungi. Mvule! Chini ya kikalio palikuwa na namba ya mali ya ofisi, imeandikwa kwa brashi nyembamba na mtu mwenye mwandiko mzuri ambaye bila shaka ameshastaafu. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Kila kiungo ulimi umeingia tunduni, kigingi cha mti kimepita katikati, na nilipokitikisa kwa nguvu zangu zote kilichotikisika ni mimi. Ukienda Keko leo kuagiza kiti cha namna hiyo, fundi atatazama viatu vyako kwanza ndipo akutajie bei.

Nilivileta nyumbani kwa guta. Mume wangu akavizunguka, akasema nimeleta viti vya kusubiria hukumu.

Najua wapo watakaouliza mtu anaanzaje kuupaka rangi mvule wakati ipo vanishi. Hao hawakuviona. Vikalio vilikuwa na duara za vikombe vya chai ya moto na madoa ya wino yaliyozama mpaka kwenye mfupa wa mti. Mimi niliitaka ile kijani ya milango ya nyumba za zamani za mwambao, na nikaitafuta mpaka nikaipata. Nikapiga msasa. Vumbi la mvule halina mchezo: linawasha ngozi, linapanda puani, na nilipiga chafya tangu adhuhuri mpaka magharibi, nimefunga, mpaka mwanangu akaniuliza kama chafya nyingi zinafunguza.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana familia nzima imeniuliza ilikuwaje rangi isikauke, na hakuna aliyesubiri jibu. Rangi ya maji hukauka vile tunavyodhani kila kitu kinakauka: maji yanaruka hewani, chembe zinazobaki zinasogeleana na kugandamana. Rangi ya mafuta haifanyi hivyo. Kinachoruka ni tapentaini, ile harufu inayokupanda kichwani ukalala nayo. Tapentaini ikishaondoka, mafuta yenyewe yamebaki palepale, na kazi ndiyo kwanza inaanza. Yanavuta oksijeni kutoka hewani, na kwa msaada wa hiyo oksijeni chembe zake zinashikana, hii na ile, ile na nyingine, mpaka kilichokuwa kimiminika kinageuka kuwa wavu mmoja mgumu. Mafuta ya kitani, ambayo ndiyo mzee wa rangi zote hizi, ukiyapaka kwenye kipande cha kioo na kukitia mizani, utakuta yanaongezeka uzito kadiri yanavyokauka. Yanaongezeka! Nilipolisoma hilo niliweka brashi chini nikamwita mume wangu aje asikie. Alikuwa anaangalia mpira. Nikamweleza hivyohivyo, kwamba joto linazaliwa humo humo, kwamba matambara yaliyolowa mafuta hayo yakikunjwa na kutupwa pembeni yanaweza kushika moto yenyewe bila kiberiti, kwamba viwandani wanatia madini ya kobalti au manganisi ili kuyaharakisha. Akaniambia niyaanike matambara basi.

Sasa, oksijeni inaingilia juu. Ukipaka nene, juu panawahi kushika, panafanya utandu kama maziwa yaliyotulia jikoni, na utandu ule ndio unaoziba njia. Chini yake kuna rangi mbichi inayosubiri hewa isiyofika. Ukigusa kwa kidole, kiti kimekauka. Akija mtu mzima mwenye uzito wake na joto la mwili wake, akaegemea kwa saa nzima, utandu unapasuka.

Na mvule una yake. Ndani ya mbao mna kemikali ambazo mti umejitengenezea kujikinga na kuvu na wadudu. Ndiyo maana mchwa watakula nyumba wakaacha mlango. Kemikali hizo hizo ndizo zinazoyazuia mafuta yasishikane na oksijeni, na msasa ukishaondoa vanishi ya zamani zinakuwa uso kwa uso na rangi yako. Dawa yake ni kupiga kwanza koti la kuziba, la vanishi ya spiriti, ndipo rangi ifuate. Muuza duka hakunitajia koti lolote. Alinipimia rangi, akanipa brashi inayopukutisha nywele, akasema, “Dada, hii ndani ya saa sita unakalia.”

Hata hivyo hesabu yangu ilikuwa na nafasi. Niliitegemea siku ya 30 ya Ramadhani. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na hujui ni ipi mpaka jua la siku ya 29 litue na watu wakodoe macho magharibi kutafuta kile kiuzi cha mwezi mchanga, ambacho nacho hakikai. Muda mfupi baada ya jua kimeshazama. Isitoshe, haya ni masika. Mwaka wa mwezi una siku 354 hivi, kwa hiyo Idd inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka kwenye kalenda ya ukutani. Miaka michache ijayo itaangukia Februari, jua la kukausha kisima. Kwa sasa imetukuta kwenye mvua, na unyevu wa masika nao hausaidii rangi. Lakini jioni ile niliyashukuru mawingu. Yalikuwa mazito, meusi, yamefunika magharibi yote. Nani angeona mwezi?

Kumbe mwezi hauna haja ya kuonekana Temeke. Ukionekana pengine nchini, pametosha. Na wapo wanaoridhika hata ukionekana ng'ambo, ubishi ambao una wenyewe na mimi siuingii. Nilikuwa nimekaa na kikombe changu redio ilipotangaza kuwa mwezi umeandama na Idd ni kesho. Mtaa mzima ukalipuka kwa kelele za watoto. Mimi nikashika ungo, nikatoka uani, nikaanza kuvipepea viti.

Baba mkwe alikuja moja kwa moja kutoka kwenye swala. Kanzu nyeupe ya melimeli, ina darizi shingoni, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kichwani kofia ya viua, ya mkono, ya kazi halali: tundu moja moja limetobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano, kazi inayomla mshonaji miezi. Hiyo namshukuru Mungu haikuguswa. Vilikuwepo viti vya plastiki, lilikuwepo na kochi. Akachagua cha kijani, kwa sababu kilikuwa karibu na feni.

“Shikamoo baba.”

“Marhaba, mwanangu. Idd njema. Naona viti vipya.”

“Vya zamani, baba. Nimevifufua.”

“Mashallah,” akasema, akaegemea.

Alikula pilau. Akala mkate wa kumimina. Akatusimulia Idd za utotoni mwake Pangani, jinsi walivyokuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakipewa senti, na kadiri simulizi lilivyonoga ndivyo alivyozidi kujiegemeza. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwenye maegemeo ya kiti, ambako mara mbili tatu nilisikia kitu kikiachia na kushika tena. Adhuhuri ikaadhiniwa. Akataka kuinuka, hakuinuka.

“Mkwe,” akaniita, kwa upole ule ule wa siku zote, “hiki kiti chako kimenipenda.”

Alipojikaza, walisimama wote wawili. Kiti kilimfuata kidogo, kikasita, kikaanguka chali sakafuni. Sebule ikanyamaza. Kisha mjukuu wake mdogo, aliyekuwa nyuma yake na maandazi mdomoni, akatoa taarifa kwa sauti: “Babu kachorwa SGR!”

Nikaleta mafuta ya taa. Nikamsugua babu wa watu mgongoni hapo hapo alipokuwa amesimama, na mistari kweli ikakubali kuondoka ilipokuwa, ila ilihamia pembeni. Nikaongeza mafuta. Mama mkwe, ambaye macho yamempungua lakini pua ni nzima, akasema humu ndani kunanuka, Idd gani hii, na akaingia jikoni kuwasha udi. Wanaojua desturi wanajua kinachofuata. Chetezo kina makaa mekundu, juu yake udi, na heshima huanzia kwa mkubwa: kinapitishwa chini ya kanzu mpaka moshi utokezee shingoni. Mkubwa wetu alikuwa anatiririka mafuta ya taa kuanzia mabegani hadi kiunoni, na mkewe alikuwa anamjia na moto huku akimsalia Mtume. Wifi alipiga yowe. Mume wangu akaruka meza, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya hata nyoka alipoingia chooni. Chetezo kikaishia kwenye bakuli la kachumbari. Vilivyoungua ni vitunguu tu.

Jioni pakakaliwa kikao. Kanzu ilijadiliwa: bei yake, nani aliileta kutoka Oman, kama kuna dobi wa Kariakoo anayeweza kujaribu. Kikao kikapitisha kwamba tungenunua viti vya plastiki tu yakaisha. Nilikuwa nasugua masufuria na nilinyamaza, lakini hapa sinyamazi. Mwezi mzima nimepika futari na daku. Saa za kupaka rangi nilizipata kati ya tarawehe na daku, watu wamelala. Mapazia nimeshona mimi, ukuta wa ukumbini nimepiga chokaa mimi, nguo za Idd za watoto nimezimalizia mimi baada ya fundi kuzima simu. Fedha za viti vipya niliahidiwa kabla mtoto wa kwanza hajaanza kutambaa, na leo anaandika insha. Wageni walipoingia asubuhi wakapendezwa, waliisifia nyumba ya mume wangu, naye akaitikia. Rangi iliponata, ikawa rangi yangu. Mjomba wao aliwahi kuanguka chali na kiti cha plastiki siku ya maulidi, miguu juu, sahani kifuani. Watu wakamcheka mjomba, na hakuna kikao kilichomtafuta mnunuzi wa kile kiti. Mikono yangu imepasuka kwa msasa mpaka leo pilipili ikinigusa nalia. Haikupigwa picha.

Mengine ya Idd hii ni madogo. Pazia la mtumba la sebuleni, jua likilipiga, linaonyesha jina la hospitali ya Kijerumani na neno ambalo mpangaji wetu aliyesoma huko amekataa kunitafsiria. Mito niliyoishona kwa magunia ya katani imewawasha watoto wa wifi mapajani. Taa ya kikapu inawaka vizuri, ila mjusi amehamia.

Viti sasa vimekauka. Ukivigonga kwa ukucha vinalia, na kile cha feni nimekirudishia koti moja jembamba palipobanduka. Iliyobaki ni meza, na kwa meza nina nafuu: Idd ya Kuchinja ni siku ya kumi ya Mfungo Tatu, kwa hiyo mwezi ukishaandama mtu anabaki na siku tisa za uhakika, bila redio kumshtua na ungo mkononi. Vanishi ya spiriti nimeshanunua, duka jingine. Mume wangu ameliona kopo, akaliinua, akalisoma, akalirudisha mahali pake taratibu. Nadhani ndiye aliyepiga simu Tandika, kwa sababu jana baba mkwe ametuma salamu kwamba Idd hiyo watakuja inshallah, na kwamba ameshapimwa kwa fundi kaunda suti ya kijani.