Wati Elfu Kumi na Mbili za Shemeji

Shemeji yangu aliuza waru (viazi) zake zote, akateremka Nairobi, akarudi Kibirichia na sabufa yenye kibandiko cha rangi ya dhahabu: WATI 12,000 PMPO. Ilikuwa ile baridi yetu ya kung'ata, Mlima Kenya umejifunika, lakini ukoo mzima ulihamia sebuleni kwake kusikiliza. Besi ilitikisa vikombe kabatini. Mwimbaji alisikika kama amefungiwa ndani ya debe. Tulipiga makofi.

Aliyeharibu sherehe ni kijana wangu, anayesomea umeme. Alichomoa plagi akatusomea maandishi yake madogo: fyuzi, ampea 13.

"Mjomba, volti 240 mara ampea 13 ni wati 3,120. Plagi hii haikusudiwi kupitisha zaidi ya hapo. Hizo nyingine unazitoa wapi?"

Kisha akaigeuza sabufa. Nyuma, pale waya unapoingilia, palikuwa na kibandiko cha pili, cheusi, kidogo kama cha aibu: wati 60.

Shemeji akapiga simu Luthuli Avenue, alikoinunua, papo hapo, spika ya simu ikiwa wazi ili sote tuwe mashahidi. Akatamka wizi, ulaghai, polisi na chifu. Muuzaji hakutetereka. "Mzee, hiyo ni PMPO." PMPO ni nini? "Ni PMPO tu, mzee." Na kusema kweli hakuwa mbali na ukweli, kwani kipimo hicho hakina kanuni moja inayokubalika: ni nguvu ya kufumba na kufumbua, na mtengenezaji huandika inayomfaa. Marekani ilichoshwa na hesabu za aina hiyo ikaweka kanuni ya kutangaza wati za amplifaya mwaka 1974.

Nilimhurumia shemeji. Kanuni zetu za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, lakini madalali humjazia la mukorino, lenye kilemba cha wavu juu, wakalilipa kama gunia moja. Shambani hesabu ndogo, mzigo mkubwa. Luthuli hesabu kubwa, mzigo mdogo. Kote anayelia ni yeye.

Nikamtuliza kwa kisa cha Marekani, wanakolizwa wenye pesa. Kampuni ya Mobile Fidelity iliuza santuri za dola 125 kila moja, kama elfu kumi na tano zetu za wakati huo. Wanunuzi waliamini sauti imetoka kwenye utepe wa asili bila dijitali kuigusa. Julai 2022 Mike Esposito, muuza santuri wa Phoenix, akatoa tuhuma hadharani, na mafundi wa kampuni wakakiri mbele ya kamera yake: hatua ya kidijitali ilikuwemo katika baadhi ya santuri tangu 2011. Kesi zikafuata, yakaja makubaliano ya dola milioni 25. Kinachonichekesha ni kwamba miaka yote hiyo, watu walioapa kuinusa dijitali wakiwa chumba cha pili walikuwa wakizisifu santuri hizo hizo.

"Angalau wao walilipwa," shemeji akasema, akairudisha plagi, akaongeza sauti.

Ukienda kununua sabufa yako, mwombe muuzaji aigeuze kwanza usome nyuma. Ukiipenda bado, ibebe. Wati 60 zinatosha kabisa nyumba ya mabati, mvua isiponyesha.