Barua ya Wazi kwa Paramount: Chai ya Kapteni Inadaiwa

Mogogosiek, Konoin,
Kaunti ya Bomet.

Kwa Wakurugenzi,
Paramount,
Hollywood, Marekani.

KUH: DENI LA CHAI YA KAPTENI PICARD

Waheshimiwa Wakurugenzi,

Chamgei. Poleni kwa uchovu wa kununuliwa. Habari zilitufikia kwamba Agosti 2025 mlipata tajiri mpya, Skydance, nasi huku hatuhitaji kuelezwa mambo ya tajiri mpya. Mashamba makubwa yanayotuzunguka yamebadilisha wenyewe ndani ya miaka michache, kutoka Unilever hadi Ekaterra, kutoka Waingereza hadi kwa Browns wa Sri Lanka, na kila mara kitu cha kwanza kubadilika ni kibao cha langoni. Cha pili bado tunakingojea.

Tumesikia pia kwamba Novemba ya mwaka huo huo mlimkabidhi Jonathan Goldstein na mwenzake John Francis Daley filamu mpya ya Star Trek, isiyohusiana na zilizotangulia. Hongereni. Mtusamehe tukichelewa kupiga makofi. Tangu Star Trek Beyond ilipotoka 2016, mmetuletea mwongozaji Tarantino, akaondoka. Mkamleta Noah Hawley, akawekwa kando. Mkamleta Matt Shakman, na mara hii mkaenda mbali hadi kututajia siku, Desemba 22, 2023, kisha naye akaenda zake. Kwetu ahadi ni deni. Kwenu naona ahadi ni bango. Januari 2025 mlitupa Section 31, ya kutazamwa sebuleni, ambayo sisi huku tumekubaliana kutoizungumzia mbele ya wageni.

Lakini mkulima wa chai hakasirishwi na ahadi ya mwaka ujao. Angekasirika angekuwa amekufa zamani. Tunachoandikia ni chai yenyewe.

Katika misimu saba ya runinga iliyoanza 1987, na filamu nne zilizofuata hadi 2002, Kapteni Jean-Luc Picard amekuwa akiugeukia ukuta na kuuagiza chai, Earl Grey, ya moto. Ukuta unatii. Kikombe kinatokea kikifuka moshi, Kapteni anapiga funda, anatazama nyota. Wakati wote huo, hakuna baharia hata mmoja wa meli yake, Enterprise, aliyewahi kuuliza: majani haya yametoka wapi?

Tumelitafakari jambo hili kwa utulivu, maana huku muda tunao, hasa kati ya Januari na bonasi. Ripliketa, ile mashine iliyo ukutani, hainakili kisichokuwapo. Kabla haijajua kutengeneza chai, lazima mtu aliiwekea chai ya kweli mbele yake, iliyotoka kwenye jani la kweli, lililochumwa kwa mkono wa kweli. Kenya ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza chai nyeusi nje ya nchi, na sehemu kubwa ya chai hiyo hutoka milima hii ya Kericho na Bomet. Hatusemi kwa hakika kwamba jani lile lilikuwa letu. Tunasema mwenye ushahidi kwamba halikuwa letu na aulete. Hilo la kutia mafuta ya bergamoti na kuliita kwa jina la waziri mkuu wa Uingereza wa miaka ya 1830 tunalisamehe. Majani yetu yameitwa majina mengi zaidi ya hayo yakishavuka Mombasa.

Kisichosameheka ni zabibu.

Mnakumbuka, kwa kuwa ninyi wenyewe mliionyesha mwaka 1990, Kapteni aliporudi nyumbani Ufaransa, La Barre, kwa kaka yake Robert. Kaka mtu ni mkulima. Ana viatu vya tope, ana mikono yenye sugu, ana kiburi cha mtu mwenye shamba la baba yake, na hataki ripliketa ndani ya nyumba yake. Wakapigana mieleka kwenye matope ya mizabibu, wakacheka, Kapteni akalia. Vizuri kabisa, hata mimi nilitokwa na machozi. Mwaka 1994 mkamuua Robert kwa moto, pamoja na mwanawe, na Kapteni akaomboleza. Mwaka 2020 mkaturudisha shambani tena, na mizabibu ingali imesimama. Kwa hiyo karibu miaka 400 ijayo dunia imefuta njaa, imefuta vita, imefuta pesa, lakini divai ya Mfaransa bado ina mkulima, na mkulima huyo ana jina, ana shamba, ana kaburi na mtu wa kumlilia. Chai inatoka ukutani.

Nani aliamua? Nataka kujua nani aliketi mezani akasema zabibu zina roho na majani chai hayana. Mliweza kuwaza viumbe wenye matuta kwenye paji la uso, mkawatungia lugha hadi watu wakaandika kamusi yake, lakini mwanamke mwenye kapu mgongoni saa kumi na mbili asubuhi, umande ukimlowesha hadi kiunoni, huyo akili yenu haikumfikia. Ameishi miaka yote hii mkononi mwa Kapteni wenu, ndani ya kikombe, na hamkumwona.

Samahani. Turudi kwenye ombi.

Tunaomba kwa heshima kwamba katika filamu ijayo, ndani ya Enterprise, kifunguliwe kituo cha kununulia majani chai. Si lazima kiwe kikubwa. Mabati kiasi, sakafu ya saruji, meza ndefu za kuchambulia, mizani inayoning'inia, na karani. Karani tutamtoa sisi. Tunao kadhaa ambao tungefurahi wakisafirishwa mbali. Kila ripliketa iliyomo melini isajiliwe kama mkulima na ipewe nambari. Kapteni akiagiza kikombe, ripliketa ilete majani kwanza. Iyamwage mezani. Karani ayapekue polepole, huku anaongea na simu, akitafuta majani mawili na chipukizi. Akikuta jani la tatu, gumu, ripliketa irudi nalo ilikotoka. Kapteni asubiri.

Yaliyokubaliwa yapimwe. Kisha uzito wa gunia ukatwe. Kisha maji yakatwe, hata kama huko angani mvua haijanyesha tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Makato hayaangalii hali ya hewa. Kilo iliyobaki iandikwe. Kisha lori lingojewe. Hapo mhandisi wenu, Geordi La Forge, kijana wa Mogadishu, jirani yetu kabisa, atasimama na kusema kwamba meli hii ina mtambo wa kumhamisha mtu kutoka sayari hadi melini kwa muda wa kukohoa, sasa kwa nini tusihamishe majani hadi kiwandani? Karani amjibu kwa upole kwamba wazo lake limepokelewa na barabara imo kwenye bajeti. Lori lifike saa tano usiku. Majani yawe yameiva mekundu ndani ya gunia, kiwanda kiyakatae, na hasara iandikwe kwenye nambari ya ripliketa.

Mwisho wa mwezi ripliketa ikatwe mbolea ambayo haikuchukua. Ikilalamika, iambiwe iende ofisini na kitambulisho.

Oktoba uwepo mkutano mkuu, na tunasihi sehemu hii msiifupishe. Ripliketa zote za meli zipangwe uwanjani kwenye viti vya plastiki, jua liwake, hema liwe la wageni wa heshima peke yao. Mkurugenzi aliyepita bila kupingwa asimame kueleza kwa nini bonasi ya mwaka huu ni ndogo: mnada wa Mombasa ulilala, dola ilifanya mambo yake, Sudan ilipiga marufuku chai yetu Machi 2025, na Waromulan wamehamia kahawa. Ripliketa moja ya nyuma kabisa, yenye mkwaruzo ubavuni, iombe nafasi na kuuliza kwa nini viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa vimelipa wakulima wao zaidi yetu, mwaka huu tena. Mwenyekiti aseme hilo ni swali zuri sana. Soda zigawiwe.

Filamu ya namna hiyo, waheshimiwa, ingejaza majumba ya sinema kuanzia Litein hadi Kapkatet, kama Litein na Kapkatet kungekuwa na majumba ya sinema.

Mengine ni madogo. Luteni wenu Nyota Uhura, tunayeambiwa kwamba ni wa Kenya, arudi nyumbani walau Krismasi moja. Anazijua lugha 37 na hajawahi kutusalimu. Iowa mmetuonyesha, San Francisco mmetuonyesha hadi tunazijua njia zake, London mliilipua 2013. Sisi hata kulipuliwa bado. Ile chai aliyoagiza Kapteni katika mfululizo wa 2020 ikiwa imeondolewa kafeini tunaomba iondolewe yenyewe kwenye kumbukumbu. Na ile Amri Kuu, inayowakataza manahodha wenu kuingilia maisha ya watu waliowakuta kwenye nchi yao, ni sheria nzuri mno. Laiti mtu angeisoma hapa mwaka 1934, ukoo wa Talai walipofagiwa wote na kutupwa Gwassi, ardhi ikabaki shwari kwa miche.

Mtatuuliza kwa nini tunang'ang'ania mashine ya kubuni. Kwa sababu huku haikubuniwa. Imefika. Ina magurudumu, ina meno, inaendeshwa na watu wachache, nayo inakata kwa siku moja mistari ya chai ambayo ilikuwa ikilisha nyumba nyingi. Jopo lililoundwa na Kaunti ya Kericho lilisema mwaka 2023 kwamba ajira 30,000 zimepotea kwa mashine katika kipindi cha miaka kumi. Mei ya mwaka huo watu wakaingia shambani wakachoma mashine hizo, polisi wakaja, na yaliyofuata mliyaona kwenye habari kama mliangalia habari. Wakati ule ule kuna msemaji alikuwa anatuambia tusiogope wakati ujao. Wakati ujao! Sisi tumeutazama wakati ujao kwenye skrini tangu tukiwa watoto, na tunajua sehemu yetu ndani yake. Picard alimweleza mgeni wake katika First Contact, 1996, kwamba kwao watu hawafanyi kazi tena ili kupata pesa. Sawa. Sisi tuliwatangulia: kuna watu hapa wasio na kazi na wasio na pesa, na hawakungoja karne ya 24.

Lakini tusigombane, filamu bado haijatoka.

Kuhusu malipo, hatujui Kapteni alikunywa vikombe vingapi, na hatutawadanganya kwa kujifanya tumehesabu. Tunapendekeza mtulipe kwa utaratibu tuliouzoea: kidogo kila mwezi, kisha jumla ndogo zaidi mwishoni mwa mwaka, pamoja na barua ya shukrani. Mkishindwa, mtupe mtu mmoja tu. Awe amesimama nyuma ya Kapteni kwa sekunde tatu, na kapu. Asiseme kitu. Aandikwe kwenye orodha ya wahusika kwa jina lake kamili, la kwanza na la pili. Asiitwe "mchuma chai wa kwanza".

Majibu yaletwe kituoni Jumanne au Ijumaa, siku za kupima. Siku nyingine karani hayupo.

Wenu mtiifu hadi Oktoba,

Mkulima, Mogogosiek.

Nakala:
Kapteni J.-L. Picard, La Barre, Ufaransa
Luteni Nyota Uhura, popote alipo
Bodi ya Chai ya Kenya (kwa taarifa tu, kama kawaida)
Karani wa kituo (hii asionyeshwe)